Chati ya Uongozi Ikigawanywa, Mfanyakazi Asipotee



Katika maofisi mengi chati ya uongozi imebandikwa ukutani. Visanduku ni vingi, maandishi ni madogo, na mfanyakazi akitaka kujua malalamiko yake yaanzie kwa nani na yaishie kwa nani, haoni. Siku hizi waajiri huichora chati kwa kompyuta na kuigawa katika kurasa ndogo ndogo. Jambo hilo ni jema, lakini lina hatari yake, na kila mwakilishi wa wafanyakazi yampasa kuijua.

Chati za namna hii zina asili ya relini. Mwaka 1855 Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York na Erie huko Marekani, alitoa mchoro uliofanana na mti: halmashauri ya wakurugenzi shinani, sehemu za reli na wafanyakazi wake matawini. Reli hiyo ilipita kilomita 700, na mchoro wote ulikuwa kwenye karatasi moja kubwa.

Sasa tutazame ugawaji wenyewe. Tuseme kampuni ina watu 120. Ukurasa wa kwanza unaonyesha meneja mkuu na wakuu wa idara 6 tu, yaani watu 7. Kisha kila idara inapewa ukurasa wake. Mkuu wa idara huonekana mara mbili: chini katika ukurasa wa kwanza, na juu katika ukurasa wa idara yake. Yeye ndiye kiungo cha kurasa hizo mbili.

Programu ya Visio, kwa mfano, huweza kuijenga chati kutokana na orodha ambayo kila mstari una mtu mmoja pamoja na msimamizi wake. Baadaye idara moja hunakiliwa katika ukurasa mpya, na nakala hiyo hubaki imeunganishwa na chati ya kwanza. Ukibadili cheo ndani ya kisanduku, cheo hubadilika pande zote mbili. Lakini ukiongeza kisanduku, ukikifuta au ukikihamisha katika ukurasa mmoja, ukurasa wa pili haubadiliki.

Hapo ndipo penye hatari. Fundi aliyeajiriwa karibuni anaweza kuwamo katika ukurasa mmoja na kukosekana katika mwingine. Siku ya kupanga upya idara au kupunguza watu, meneja akishika ukurasa usio na jina lake, nafasi yake itahesabiwa kuwa haipo.

Kwa hiyo viongozi wa tawi wafanye haya:

(a) Waombe orodha iliyotumika kuchora chati, siyo picha peke yake.

(b) Watake kila badiliko la mtu lifanywe kwanza katika orodha, kisha chati ichorwe upya.

(c) Wahesabu visanduku vya kurasa zote. Katika mfano wetu lazima viwe 126. Ukitoa wakuu 6 waliorudiwa, wanabaki 120. Hesabu hiyo ilinganishwe na orodha ya mishahara.

Wakipatikana 119, mfanyakazi mmoja amepotea. Atafutwe siku hiyo hiyo, kabla barua za kupunguzwa kazi hazijaanza kuandikwa.