Jinsi ya kunasa ishara za ndege kutoka vilima vya Kisii na Nyamira

UKICHUKUA rula na kuchora mstari mnyoofu kwenye ramani kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Entebbe nchini Uganda, mstari huo utapita karibu kabisa na mji wa Kisii. Njia halisi ya kila ndege hutegemea maagizo ya waongozaji wa safari za angani, lakini ramani yatosha kuonyesha kwamba wakazi wa Kisii na Nyamira wako mahali pazuri pa kufuatilia ndege kwa kutumia redio.

Si lazima mtu awe mhandisi ndipo afanye hivyo. Ndege nyingi za abiria siku hizi zina chombo kiitwacho transponda. Chombo hiki hupata mahali ndege ilipo kutoka kwa setilaiti, kisha hutangaza habari hizo takriban mara mbili kwa sekunde katika masafa ya megahezi 1090. Ujumbe huo hubeba namba ya utambulisho wa ndege, mwinuko, kasi na upande inakoelekea. Haufichwi kwa msimbo wowote wa siri, hivyo mwenye kipokezi kinachofaa anaweza kuusoma.

Vipokezi vya aina hii vilikuwa ghali hadi mwaka wa 2012. Ndipo wataalamu walipogundua kwamba kifaa kidogo kilichotengenezwa ili watu watazame televisheni ya dijitali kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kingeweza kutumiwa kama redio ya masafa mengi. Mwaka uo huo, Salvatore Sanfilippo wa Italia aliandika programu ya dump1090, ambayo hufasiri ishara za ndege na haitozwi ada. Kifaa hicho kikichomekwa kwenye kompyuta ya kawaida, au ile ndogo ya Raspberry Pi, kituo huwa kimekamilika.

Hata hivyo, wengi wanaoanza huvunjika moyo. Huweka antena ndogo dirishani, wakaona ndege mbili tatu, kisha wakadhani kifaa ni kibovu. Mara nyingi kifaa hakina kasoro. Tatizo huwa ni mahali antena ilipo, waya na jinsi kipokezi kilivyorekebishwa.

Jambo la kwanza ni mahali. Mawimbi ya megahezi 1090 husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapenyi kilima. Ndege iliyo futi 35,000 angani inaweza kunaswa kutoka umbali wa takriban kilomita 440 iwapo antena iko mita 10 juu ya ardhi na hakuna kizuizi. Ndege hiyo ikishuka hadi mita 300 juu ya ardhi, umbali huo hupungua hadi kilomita 84 hivi. Ndiyo maana ndege inayokaribia kutua Kisumu, ambako ni kama kilomita 65 kaskazini mwa Kisii, inaweza kutoweka kwenye skrini ikiwa vilima vimekaa katikati.

Kwa sababu hiyo, anayeishi kwenye kilele kama vile Kiabonyoru katika Kaunti ya Nyamira ana nafasi bora kuliko aliye bondeni mjini Kisii, ambaye upande mmoja anazuiwa na ukuta wa Manga. Aliye bondeni asikate tamaa, kwani kupandisha antena kutoka dirishani hadi juu ya paa la mabati huleta tofauti kubwa kuliko kununua kifaa kipya.

Jambo la pili ni antena yenyewe. Wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27.5, na robo yake ni sentimita 6.9. Fundi anaweza kukata vipande vitano vya waya wa shaba vyenye urefu huo, kimoja kikasimama wima na vinne vikainama pande zote chini yake. Antena hiyo nyepesi, ikifungwa vizuri isiingie maji, hufanya kazi nzuri ajabu.

Tatu ni waya unaoshuka kutoka kwa antena. Mita 10 za waya mwembamba wa redio wa aina ya RG-58 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za ishara kabla haijafika kwenye kipokezi. Waya wa dishi ya setilaiti wa aina ya RG-6, ambao mafundi wetu wanaufahamu, hupoteza kidogo zaidi ya thuluthi moja tu. Njia bora zaidi ni kuiweka kompyuta ndogo karibu na antena ili waya uwe mfupi.

Nne ni kurekebisha nguvu za kipokezi. Wengi hudhani kwamba nguvu zikiwekwa hadi mwisho, ndege nyingi zaidi zitaonekana. Sivyo. Minara ya simu hutangaza katika masafa yaliyo karibu, na mawimbi yake yanaweza kukilemea kipokezi kikawa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono sokoni. Punguza nguvu hatua kwa hatua, kila hatua ukihesabu ujumbe unaopokewa kwa saa moja. Linganisha saa ileile ya siku, maana idadi ya ndege za asubuhi hailingani na ya usiku wa manane. Kituo kikiwa karibu na mnara, nunua kichujio cha megahezi 1090. Kikuza mawimbi nacho hufaa kikifungwa karibu na antena, si mwisho wa waya, kwani huko kitakuza ishara pamoja na kelele zake.

Hapa ndipo penye onyo kubwa. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii na kuzaa mawingu ya mvua za alasiri. Mlingoti wa chuma juu ya paa, au antena iliyofungwa kwenye mkaratusi mrefu, ni mwaliko wa hatari. Mlingoti uunganishwe ardhini kwa waya mnene wa shaba na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme aliyehitimu. Waya wa antena uchomolewe kabla ya mvua kuanza, wala si wakati ngurumo zimekwisha kusikika. Hata hivyo, hakuna kinga inayoweza kuahidi usalama kamili radi ikipiga moja kwa moja. Kadhalika, mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za stima.

Sheria nayo isisahauliwe. Kipokezi hiki husikiliza tu. Kutuma mawimbi katika masafa ya ndege bila idhini ni kosa linaloweza kuhatarisha maisha. Anayetaka kuanzisha kituo aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu kibali na vifaa vinavyoruhusiwa.

Je, kuna faida gani? Mitandao kama Flightradar24, iliyoanzishwa Uswidi mwaka wa 2006, hutegemea maelfu ya watu wa kujitolea wanaotuma habari kutoka vituo vyao. Aidha, kuna ndege ambazo transponda zao hazitangazi mahali zilipo. Hizo zinaweza kutafutwa kwa kulinganisha muda ambao ishara moja ilifika kwenye vipokezi vinne au zaidi. Kituo kimoja hakiwezi kazi hiyo, lakini vituo vya Nyamira, Keroka, Kisii na Suneka vikishirikiana na vya mbali zaidi vinaweza. Kwa mwanafunzi wa shule ya upili, hapa kuna fizikia, hisabati na kompyuta kwa mpigo mmoja.

Mwisho, mwenye kituo ana wajibu. Ndege ikitoweka kwenye skrini, mara nyingi imeshuka nyuma ya kilima, imetua, au waya umelegea. Kutangaza kwamba imeanguka kabla ya mamlaka husika kusema ni kuwatia jamaa za abiria uchungu usio na sababu. Kipokezi huonyesha kile kilichofika kwenye antena, wala hakionyeshi kila kilichoko angani.