Kompresa Chini ya Boneti: Hesabu ya Upepo wa Dodoma

Tairi lililojazwa upepo wa psi 32 Dar es Salaam likifika Dodoma, geji itasoma karibu psi 34, hata kama joto ni lilelile na hakuna aliyeligusa. Geji haipimi upepo wote uliomo. Hupima tu kiasi ambacho upepo wa ndani unauzidi ule wa nje. Usawa wa bahari, hewa hutukandamiza kwa psi 14.7. Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi, mgandamizo huo hushuka hadi karibu psi 12.8. Anayetaka kufunga kompresa kwenye gari lake la porini aanzie kwenye tofauti hiyo.

Huku kati kompresa si pambo. Lami ya Dodoma hadi Kondoa ni nzuri, lakini ukiiacha tu unakutana na mchanga. Vilima vya Kondoa vilimomonyoka vibaya, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Udongo ulioshuka na maji umeacha makorongo mapana ya mchanga, na kiangazi magari huyavuka pasipo daraja. Dereva mzoefu hupunguza upepo hadi psi 16 au 18. Tairi linalala, alama yake ardhini inarefuka, uzito unatawanyika, gari linapita. Akirudi kwenye lami hana budi kujaza: tairi lililolegea likikimbizwa hujikunja ubavuni kila mzunguko, hupata moto na mwisho hupasuka.

Sasa tupige hesabu. Tairi la 265/70R16 lina nafasi ya lita 70 hivi. Kulipandisha kutoka psi 16 hadi 32, pwani utavuta lita 76 za hewa ya nje. Dodoma, kwa kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662, utavuta lita 88, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Kwa matairi manne ni lita 350 badala ya 305: kompresa ileile, kazi zaidi kwa karibu asilimia 15.

Kwa hiyo ile "psi 150" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isikubabaishe. Tairi lako linataka 32 tu. Muulize muuzaji kompresa inatoa lita ngapi kwa dakika ikisukuma dhidi ya psi 30, maana namba ya lita iliyo kwenye boksi mara nyingi hupimwa ikipuliza hewani bila kizuizi.

Halafu kuna mahali pa kuvutia hewa. Chini ya boneti ni karibu na betri, lakini kuna joto. Hewa ya nyuzi 70 ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya nyuzi 27. Jumlisha na mwinuko, umeshapoteza karibu robo ya hewa ambayo ungeipata pwani. Kompresa ikae humo, ila bomba la kuvutia lipelekwe juu, nje ya joto, likiwa na chujio linalofunguka na kusafishika, kwa sababu vumbi hukwangua ringi za pistoni.

Upande wa kutolea pia una joto lake. Hewa ya nyuzi 27 ikigandamizwa Dodoma hadi psi 32 bila kupoa hufika, kinadharia, karibu nyuzi 155. Mpira wa kawaida hauwezi kustahimili hapo. Kipande cha kwanza cha bomba la kutolea kiwe cha waya uliosukwa. Ukiweka tangi, liwe lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye vali ya usalama, swichi ya presha na koki ya chini ya kutolea maji, kwani hewa iliyogandamizwa ikipoa hudondosha unyevu. Mtungi wowote wa kuungaunga ni bomu.

Umeme nao usipuuzwe. Kompresa ya ampea 30 ikilishwa kwa waya wa mita 4 wa milimita za mraba 2.5, karibu volti 0.8 hupotea njiani na mota hulegea. Tumia waya wa milimita za mraba 10, fyuzi jirani na betri, na rilei ili swichi ya dashibodi isibebe mzigo wote. Injini iwe inaunguruma, alteneta isaidie betri.

Wapo mafundi wanaogeuza kompresa ya kiyoyozi ikaendeshwa na mkanda wa injini. Ina nguvu, lakini nyingi hulainishwa na oili inayosafiri na gesi. Ukivuta hewa tupu bila kupanga oili yake, hujikwaruza na kukwama.

Ukimaliza kufunga, jipime. Shusha tairi moja hadi psi 16, shika saa, jaza hadi 32, kisha gawanya 88 kwa dakika ulizotumia. Hizo ndizo lita halisi za kompresa yako hapa Dodoma. Zikiwa chini ya 30, matairi manne yatakula karibu dakika 12 au zaidi, na mota nyingi ndogo haziwezi kwenda mfululizo muda huo. Ipumzishe kila baada ya matairi mawili, au tafuta kubwa zaidi kabla hujaiacha lami.