Begi Mgongoni, Siri Kiunoni

Wapenzi wengi wana ndoto ya kusafiri pamoja. Picha kali, vyakula vipya, kushikana mikono. Lakini subiri mpotee saa nne usiku kwenye mji ambao hata kibao cha choo huwezi kukisoma. Hapo ndipo utamjua uliyeoana naye!

Mimi na mume wangu tuna duka la nguo Bariadi mjini. Wakulima wakiuza pamba, nasi tunapumua. Mzigo tulikuwa tunafuata Kariakoo, na kila tuliyemuuliza alitutajia Guangzhou. Mwaka 2019 tukaamua: twende wenyewe, bila wakala, kila mtu na begi lake mgongoni. Tena tusiishie sokoni, tupande treni hadi Beijing, tukishuka njiani.

Tukapanda basi la Dar, tukitafuna michembe ya mama mkwe. Tulikuwa kama maharusi.

Mambo yalipogeuka

Guangzhou haikututisha. Pale mtaa wa Xiaobei, Waafrika ni wengi na Kiswahili unakisikia. Kazi ilianza tulipotoka. Treni ya mwendo kasi ya Guangzhou hadi Beijing, njia iliyokamilika 2012, ina kilomita 2,298. Sisi tulishuka Wuhan, mji uliogawanywa na mto Yangtze. Daraja lake la mwaka 1957 lina ghorofa: magari juu, treni chini. Tukapiga picha weee!

Usiku, gesti tuliyoitegemea ikatukataa. Haikupokea wageni wa kutoka nje. Hoteli iliyotukubali ilikuwa ghali. Mume wangu, mshika fedha tangu tuoane, akakalia begi lake, kimya.

"Mama watoto," akasema, "hela iliyobaki ni ya kula tu. Niliongeza mzigo kule Guangzhou bila kukwambia."

Nilitaka kuwaka. Halafu nikakumbuka kuwa na mimi si malaika. Kiunoni nilikuwa na yuan elfu mbili, pesa yangu ya VICOBA niliyoibadilisha kimya kimya. Hakuwahi kujua kama nacheza VICOBA! Nikazitoa. Akaniangalia, nikamwangalia, tukaangua kicheko hadi mlinzi akageuka.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza katika miaka minane ya ndoa, tuliandika kwenye karatasi moja kila shilingi tuliyonayo na kila deni. Haikuwa rahisi. Kuna deni lake moja lilinitoa machozi. Lakini Beijing tulifika, na daftari la duka sasa tunalifungua wote wawili.

Na nyie mnataka kujaribu?

* Tiketi ya treni China inakatwa kwa pasipoti. Tembea nayo.
* Google na WhatsApp zimefungwa kule. Weka WeChat na ramani kwenye simu kabla ya kuondoka.
* Siku hizi Alipay inakubali kadi za benki za kigeni. Iunganishe mapema.
* Uliza kwanza kama gesti inapokea wageni, na uwe na jina lake kwa Kichina umwonyeshe dereva.
* Kila mmoja aweke mezani alichonacho, kabla ya safari.

Nauli ya China hamna? Anzieni Lamadi. Ziwa Victoria lipo, na geti la Ndabaka la Serengeti ni jirani tu. Bebeni begi, bebeni michembe. Siri ziacheni nyumbani, au bora zaidi, zimalizeni kabla hamjatoka.