Kivu Kaskazini: Kwa nini moto wa simu huisha haraka Masisi na Walikale

Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, simu iliyojaa moto asubuhi inaweza kuzimika kabla ya jioni. Wengi hulaumu betri, lakini mara nyingi sababu ni antena kuwa mbali.

Wakati wa mazungumzo kwenye rezo ya 2G, antena huielekeza simu karibu mara 2 kwa sekunde. Ikiisikia vizuri, huiamuru ipunguze nguvu. Ikiisikia kwa shida, iongeze. Kwenye mawimbi ya megahezi 900, simu hufika hadi wati 2. Karibu na antena, hushuka hadi miliwati chache tu. Na simu iliyopoteza rezo huendelea kuitafuta, ikila betri bila kuita mtu.

Kwa familia zilizotawanywa na vita, simu iliyozimika ni ndugu asiyejulikana aliko.

Kuna njia ya kupunguza hasara. Bondeni pasipo rezo, mtu aweke simu kwenye hali ya ndege. Akifika kilimani aifungue, na atume ujumbe mfupi badala ya kupiga.