Embu hadi Meru kwa Njia ya Anga

Kati ya mji wa Embu na mji wa Meru kuna takriban kilomita 68 kwa mstari ulionyooka. Anayepita barabarani, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, huhesabu zaidi ya kilomita 100.

Hesabu ya masafa ya anga si ngumu. Embu iko kama nyuzi 0.53 kusini mwa ikweta, na Meru nyuzi 0.05 kaskazini yake. Nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, kwa hiyo Meru iko kilomita 64 hivi kaskazini ya Embu. Iko pia kilomita 21 hivi upande wa mashariki. Kanuni ya Pythagoras ya shuleni hukamilisha kazi, kwani kwa umbali mfupi namna hii mviringo wa dunia haubadilishi jibu. Rubani angesema maili 37 za baharini. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingezimaliza kwa robo saa, bila kuhesabu kuruka na kutua.

Barabara imerefushwa na Mlima Kenya. Mito inayoshuka kutoka mlimani kwenda Tana, kama Thuci, Nithi na Mutonga, imechimba mabonde yenye kina, na barabara inalazimika kuyakata yote. Karibu na Chuka iko zaidi ya kilomita 10 mashariki ya mstari ulionyooka. Pale Nithi, lori lililosheheni hushuka kwa gia ndogo huku likishika breki kona baada ya kona, likavuka daraja, kisha likaanza kupanda upya. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukali wa mteremko huo hauonekani kabisa katika takwimu ya kilomita.

Angani nako mlima una masharti yake. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kiko kama kilomita 30 magharibi ya mstari wa Embu na Meru, na mara nyingi mawingu hukifunika kabla ya adhuhuri. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga mlima karibu na kilele cha Lenana. Wote 14 waliokuwamo walikufa. Ndiyo maana rubani hufuata njia yenye nafasi ya kutosha kutoka mlimani, hata ikirefusha safari kidogo.

Hakuna ndege za abiria zenye ratiba kati ya miji hii miwili. Embu ina kiwanja kidogo, Meru ina Gaitu, na uwanja mkubwa ulio karibu ni Isiolo, uliofunguliwa rasmi mwaka 2017 mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru. Wakulima wa miraa waliutazamia sana, kwa kuwa miraa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Hata hivyo, mizigo inayokwenda Mogadishu bado husafirishwa kwa magari yaendayo kasi kutoka Maua hadi viwanja vya Nairobi, kusini kabisa, ndipo ipakiwe kwenye ndege na kurudishwa kaskazini mashariki.