Lima, Mali, Tuta: Michezo ya Kijiwe Nkwenda

Oya wanangu wa Kyerwa, tusanuane. Kijiwe cha boda pale senta ya Nkwenda kina mchezo usiokula bando wala chaji, na haukudai hata jero. Unachukua neno, silabi ya mwisho unaihamishia mbele, basi. Watu wa pwani wanauita kinyume, wameucheza toka enzi za mababu. Masela wa Nairobi nao wana "risto" kwenye Sheng yao, ambayo ni stori tu imepigwa chenga.

Tuanze na shamba, maana huku ni ndizi, kahawa na maharage mpaka upeo wa macho. Lima. Geuza: mali. Bwana shamba angelijua hilo mapema semina ingeisha dakika moja, watu wakale. Ila usikimbilie kushangilia, kwa sababu kazi inatoa zika. Paka anatoka kapa. Kata inatoa taka, na Nkwenda ni kata, kwa hiyo mheshimiwa diwani tunaomba msamaha mapema.

Familia ndiyo ngumu kuichezea. Mama, baba, kaka, dada, bibi: geuza unavyotaka, wanabaki walewale, hawayumbi. Anayeumia ni babu peke yake, anageuka buba, na ule ni ugonjwa wa ngozi. Mjukuu mwenye adabu anameza mate na kuruka neno.

Sasa njoo kwenye kuhesabu, hapo ndo unyama wenyewe. Moja, mbili, saba na kumi zinatoa makelele tu: jamo, limbi, basa, miku. Lakini tano inatoa nota, nane inatoa nena, na tatu inatoa tuta. Hiyo ya mwisho dereva wa boda hahitaji maelezo, mgongo wake ushaelewa.

Huku juu tuna bahati nyingine, tunachanganya na Kinyambo. Bibi akihesabu, tisa kwake ni mwenda. Dogo aliyekulia Dar akisikia hivyo anageuka kuangalia nani anasafiri. Kumbe hata Kiswahili cha zamani tisa ilikuwa kenda, ndo maana kule pwani ya Kenya kuna Mijikenda, watu wa miji tisa. Tisa yenyewe ni mgeni wa Kiarabu, kaja pamoja na sita na saba, kakaa mpaka mwenye nyumba kasahaulika. Na jina la senta yetu, mh, linasikika kama mtu anatongoza. Kwa Kinyambo ukiambiwa "ninkwenda", umependwa hivyo. Fikiria msela wa Mwanza anaambiwa na mrembo "ninkwenda", naye anajibu, "Poa, safari njema." Kazingua kinoma, na hatajua kamwe alichopoteza.

Haya, twende kwenye namba kavu. Pikipiki za Bongo plate zake zinaanza na MC, halafu tarakimu tatu, halafu herufi. Mgeni akija kijiweni unamwambia achague plate yoyote, ila tarakimu ya kwanza na ya tatu zisifanane. Wewe unaandika jibu kwenye kiganja na kukunja ngumi. Tuseme kachagua 741. Aigeuze: 147. Atoe ndogo kwenye kubwa: 594. Hiyo nayo aigeuze, 495, ajumlishe zote mbili. Anapata 1089. Unafungua kiganja: 1089. Akimaindi, mpe plate nyingine. Achukue 208, achukue 963, inarudi palepale, na soda inamhusu. Kuna kona moja tu ya kumchanganya: ikitoka 99, aandike 099, ndipo ageuze.

Hakuna uchawi, mzee baba. Ukitoa namba ya tarakimu tatu kwenye kinyume chake, jibu lazima liwe mafungu ya 99: 198, 297, 396, 495 na kuendelea. Zikague moja moja. Katikati daima kuna 9, na za pembeni ukizijumlisha zinafika 9. Kwa hiyo ukigeuza na kujumlisha, mamia yanatoa 900, makumi yanatoa 180, mamoja yanatoa 9. Halafu 1089 yenyewe ina jeuri yake: izidishe kwa 9 inakuwa 9801, yaani imejigeuza bila kuombwa. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Wenye uchu waende kwenye tarakimu nne. Mhindi mmoja, D. R. Kaprekar, mwalimu tu wa shule, aliligundua hili mwaka 1949. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa, rudia. Ndani ya hatua saba unatua 6174 na hutoki tena. Jaribu na 3524: 3087, 8352, 6174. Ila usifanyie namba ya siri ya simu mbele za watu, kijiwe kina wajanja.

Kuna ligi ya juu zaidi, ya herufi kwa herufi, neno lisomeke sawa mbele na nyuma. Kiswahili hapo kinabana. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo lazima yaanze na irabu. Kuku nje, ndizi nje, kahawa nje. Zinabaki ada, akika, anana, vitu vya kipole. Kimbilio ni kitenzi. Ndizi ilikuwepo, sasa haipo: aliila. Isome kutoka nyuma, aliila. Nani? Ali, na Ali akigeuzwa ni ila. Kwa hiyo kijiwe kinaweza kutoa hukumu nzima isiyojali unaanzia upande gani: "Ali aliila, ila…"

"Ila nini?" anadakia mwenye ndizi.

"Tulia, waitu. Tukimalizia tu, inaharibika."