Kishikwambi kidogo au kikubwa? Mnunuzi hanunui inchi, ananunua kazi

Mfanyabiashara anayefuata mali ya kielektroniki Kariakoo, Dar es Salaam, na kuipeleka Tabora ana swali moja linalomgusa mfukoni: je, walaji wanataka kishikwambi kidogo kinachobebeka kwa urahisi, au wanataka kile kikubwa chenye kioo kipana? Hili si suala la ubishi wa kijiweni tu. Mtaji wa duka dogo hufungwa ndani ya maboksi, na kishikwambi si sukari wala khanga. Kikikaa rafuni mwaka mzima, toleo jipya huingia sokoni na bei ya lile la zamani huporomoka.

Wauzaji wengi hujibu upesi kwamba mteja anataka kidogo, kwa sababu ni chepesi na bei yake iko chini. Jibu hilo lilikuwa na nguvu miaka ya mwanzo ya bidhaa hii. Leo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafunga watu mitaji.

Mjadala ulikoanzia

Kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPad mwezi Aprili 2010, ikiwa na kioo cha inchi 9.7 na uzito wa gramu 680. Mwezi Septemba mwaka huo Samsung ya Korea Kusini ikatangaza Galaxy Tab ya inchi 7, yenye gramu 380. Oktoba 2010 mkuu wa Apple, Steve Jobs, aliwaambia wachambuzi wa masuala ya fedha kwamba vishikwambi vya inchi 7 vitakufa vikifika sokoni. Alitania kuwa ingebidi viuzwe pamoja na msasa ili mtumiaji apunguze ncha za vidole vyake.

Soko halikumsikiliza. Amazon ilitoa Kindle Fire ya inchi 7 mwezi Novemba 2011 kwa dola 199, na Google ikafuata na Nexus 7 katikati ya mwaka 2012 kwa bei hiyohiyo. Jobs alifariki Oktoba 2011, na Novemba 2012 Apple yenyewe ikaanza kuuza iPad mini ya inchi 7.9 yenye gramu 308 tu. Wakati huo ilionekana kwamba walaji wameamua: wanataka kidogo.

Lakini mwaka 2014 ndio uliokuwa kilele cha mauzo ya vishikwambi duniani katika miaka hiyo, na mwaka 2015 mauzo yakashuka. Aliyebanwa zaidi alikuwa kishikwambi kidogo. Sababu yake haikuwa msasa wa Jobs, bali simu.

Hesabu ya kioo

Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka kona moja hadi kona ya pili inayokabiliana nayo. Kipimo hicho humdanganya mnunuzi na muuzaji pia, kwa sababu kinachosomwa ni eneo zima la kioo, wala si mshazari wake.

Mwaka 2010 simu ya Apple ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, sawa na inchi za mraba zipatazo 6. Kishikwambi cha inchi 7 kina takriban inchi za mraba 22. Aliyetoka kwenye simu na kushika kishikwambi kidogo alipata kioo cha karibu mara nne. Hiyo ilikuwa sababu ya kutosha ya kutoa fedha.

Kisha simu zikaanza kukua. Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3 mwaka 2011, na Septemba 2014 Apple ikatoa simu ya inchi 5.5. Leo simu ya inchi 6.7 ni ya kawaida. Kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, kioo chake kina inchi za mraba zipatazo 17. Kishikwambi cha inchi 7 kinaizidi kwa takriban theluthi moja tu. Cha inchi 8 kina inchi za mraba zipatazo 29, na cha inchi 10 kina kama 46.

Maana yake kwa muuzaji ni hii: mteja mwenye simu kubwa mfukoni hana haja ya kulipia theluthi moja ya kioo. Kazi ya "kubebeka" imekwisha kuchukuliwa na simu. Kishikwambi kinachotaka kununuliwa lazima kifanye jambo ambalo simu inashindwa.

Somo la njia ya misafara

Tabora ina uzoefu mkongwe wa suala hili. Karne ya 19 mji huu, uliokuwa ukitajwa pia kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, ulikuwa njiapanda ya misafara kutoka Bagamoyo. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, mali yote ilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi. Vitambaa vya merikani na kaniki vilifungwa kwa kipimo hicho kuwa mtumba, neno ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizokwishavaliwa.

Kama kubebeka kungekuwa ndiko kunakouza bidhaa, shanga zingekuwa mfalme wa njia nzima. Haikuwa hivyo. Henry Morton Stanley, aliyepita njia hii mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwa wengine. Nyeupe zilipendwa Ufipa na zilidharauliwa Ukonongo. Aina nyingine ilikubaliwa Ujiji na kukataliwa kwingineko kote. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amemlipa mpagazi bure, hata kama mzigo ulikuwa mwepesi.

Wepesi wa mzigo ulimsaidia msafirishaji, lakini uchaguzi ulikuwa wa mnunuzi wa mahali pale. Hali ni hiyohiyo kwa boksi la vishikwambi linaloshuka Tabora kwa basi au treni. Vidogo huingia vingi katika boksi moja na nauli yake hupungua, jambo linalomfurahisha mwenye duka. Mteja wa Isevya au Ng'ambo halimhusu hata kidogo.

Nani ananunua Tabora

Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 3,391,679 katika Sensa ya mwaka 2022, kutoka 2,291,623 mwaka 2012. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi. Soko lipo, ila limegawanyika, na kila kundi lina kipimo chake.

Kundi la kwanza ni wasomaji: walimu, wanafunzi wa vyuo na watumishi wa ofisini. Kazi yao ni nyaraka, na nyaraka nyingi huandaliwa kwa karatasi ya A4 yenye upana wa inchi 8.3. Kwenye kishikwambi cha inchi 10 kilichosimamishwa wima, ukurasa huo hupungua na kuwa kama theluthi mbili ya upana wake. Kwenye cha inchi 8 huwa nusu, na kwenye simu huwa theluthi moja. Herufi za kawaida zikipunguzwa nusu, macho huchoka haraka. Kundi hili likiwa na fedha huhitaji kikubwa.

Hata hivyo, mwenye duka asisahau kilichotokea mwaka 2022. Makarani wa Sensa ya Agosti mwaka huo walitumia vishikwambi nchi nzima, na baada ya kazi Serikali ikaanza kuvigawa kwa walimu wa shule za umma, zaidi ya laki mbili. Mwalimu aliyepewa cha bure si mteja wa haraka wa kipya. Lakini kifaa chake kinahitaji kava, chaji, kioo cha kubadilisha na fundi anayekijua.

Kundi la pili ni watu wa kazi za kuzunguka: maofisa ugani, wanunuzi wa asali wa Sikonge, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika katika maeneo ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, na wakusanyaji wa takwimu. Wanafanya kazi wamesimama, mkono mmoja umeshika kifaa na mwingine unabonyeza, kisha wanapanda bodaboda kwenda kijiji kinachofuata. Kishikwambi cha inchi 8 kinawafaa kweli. Kikubwa huwachosha mkono na huvunjika upesi. Kundi hili mara nyingi halinunui moja moja. Ofisi ndiyo hununua, na kwa wingi.

Kundi la tatu ni wazazi wanaotafuta kifaa cha mtoto. Hawa hununua cha inchi 7 kwa sababu moja tu, nayo ni bei. Udogo kwao si sifa, ni uvumilivu. Kikubwa kikishuka bei hadi kukikaribia kidogo, watahama siku hiyohiyo.

Kundi la nne ni wenye maduka, mama lishe wakubwa na wenye nyumba za wageni wanaoweka kumbukumbu za mauzo. Kifaa chao hukaa mezani. Hawana sababu ya kutafuta kidogo.

Kutokana na makundi haya inapatikana kanuni rahisi kwa muuzaji: anayefanya kazi amesimama apewe kidogo, anayefanya kazi ameketi apewe kikubwa. Kabla ya kuonyesha bidhaa, mwulize mteja atakitumia wapi na kwa kazi gani.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Mwenye duka ana sh. 3,000,000. Ananunua vishikwambi vidogo 15 kwa sh. 200,000 kila kimoja, akitarajia faida ya sh. 30,000 kwa kimoja. Vikitoka vyote anapata sh. 450,000.

Tuseme vimetoka 8 na 7 vimebaki. Faida aliyoshika ni sh. 240,000, lakini sh. 1,400,000 zimelala rafuni. Toleo jipya likiingia na akalazimika kuvitoa vile 7 kwa hasara ya sh. 40,000 kila kimoja, anapoteza sh. 280,000. Biashara nzima imemwachia hasara ya sh. 40,000, kabla ya nauli na kodi ya pango.

Kwa hiyo faida ya bidhaa hii haiko katika idadi ya maboksi yanayoingia kwa bei nafuu. Iko katika kasi ya mali kutoka.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza

Kwanza, nafasi ya kumbukumbu na toleo la programu. Vidogo vingi vya bei ya chini huja na kumbukumbu finyu, na baada ya muda programu mpya hukataa kufanya kazi. Mteja atarudisha lawama dukani, si kiwandani.

Pili, uhalali wa kifaa. Kishikwambi chenye laini ya simu kina namba ya utambulisho ya IMEI kama simu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima vifaa bandia nchini, na waliokuwa na shehena ya mali hiyo walibaki nayo. Bonyeza *#06# na uhakiki namba kabla ya kulipa.

Tatu, upatikanaji wa vipuri. Uliza kama kioo cha toleo hilo kinapatikana Kariakoo. Kifaa kisicho na kioo cha kubadilisha hufa siku kinapoanguka, na jina la duka huanguka nacho.

Nne, msimu. Fedha ya mkulima wa Tabora haiji kila mwezi; huja wakati wa masoko ya tumbaku, baada ya mvua. Shehena inayofika wakati mfuko wa mkulima umekauka inasubiri miezi, na toleo jipya halisubiri.

Ushauri wa wiki hii

Kwa mwenye mtaji mdogo, kishikwambi cha inchi 7 kisiwe mali ya kujaza rafu. Weka vichache kwa wazazi. Cha inchi 8 agiza ukiwa na oda mkononi kutoka chama cha ushirika, shirika au ofisi, wala usiagize kwa kubahatisha. Cha inchi 10 ndicho cha kuonyesha dukani, kwa sababu mteja mwenye simu kubwa anaona tofauti kwa macho yake mwenyewe. Sehemu ya fedha inayobaki iende kwenye kava, chaji na vioo, kwa kuwa vishikwambi vya walimu tayari viko mikononi mwa watu na vitaendelea kuanguka na kuharibika.

Mwekezaji anayetaka kujua soko lake linaelekea wapi aweke daftari moja dukani. Kwa muda wa miezi mitatu aandike kila mteja aliyeulizia kishikwambi, kazi aliyotaka kukifanyia, na kama alinunua au aliondoka. Daftari hilo litamwambia idadi na ukubwa wa kuagiza safari inayofuata kwa uhakika kuliko maneno ya muuzaji wa jumla mwenye mzigo anaotaka kuutua.